Ugumu wa Kampaundi za Ioni Haumalizwi kwa Mstari Mmoja

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinionyesha muhtasari wa kemia anaojisomea, nao umelimaliza suala zima kwa sentensi iliyopigiwa mstari mwekundu: kampaundi za ioni, yaani zile zinazoshikamana kwa mvutano wa chembe zenye chaji chanya na hasi, ni ngumu kwa sababu bondi zake ni imara. Kwa mantiki hiyo, chumvi ya mawe inapaswa kutuomba radhi, maana katika kipimo cha ugumu alichokiasisi Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 hadi 10 kwa kuangalia kipi hukwaruza kipi, haivuki 2.5, na waya wa shaba unaikwaruza bila taabu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu limo katika hesabu ambayo mtoto huyo ameshafundishwa. Tuzitazame sodiamu floraidi na magnesiamu oksaidi, ambazo ioni zake zimepangwa kwa mpangilio uleule wa chumvi, na ambazo umbali kati ya ioni jirani haupishani sana: pikomita 231 kwa ya kwanza na 211 kwa ya pili. Kinachozitenga hasa ni chaji. Katika ya kwanza, chaji moja chanya inavutana na moja hasi. Katika ya pili ni mbili kwa mbili, hivyo zao la chaji ni mara nne, na mvutano huongezeka nalo. Ndiyo maana ya kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 993 za Selsiasi na ya pili hungoja hadi 2,852. Ndiyo maana pia waya uleule wa shaba huikwaruza ya kwanza, ilhali ya pili hukaribia 6, ugumu unaotosha kukwaruza kioo cha dirisha. Zote mbili ni za ioni. Je, mstari mwekundu unasemaje hapo?

Nakubali, shingo upande, kwamba yakuti za Longido na za bonde la Umba ni aluminiamu oksaidi, nayo huitwa ya ioni, na zinafikia 9, kana kwamba zinauunga mkono mstari huo. Lakini hata humo elektroni hazikuhama kikamilifu, sehemu ya bondi ni ya kushirikiana elektroni.

Tena muhtasari huo unachanganya ugumu na kutovunjika. Ukilipiga nyundo bonge la chumvi, tabaka husogea, chaji za aina moja huelekeana na kusukumana, nalo hupasuka kwa nyuso bapa. Yakuti nayo haistahimili nyundo.

Watunzi wa mitihani waziweke kampaundi zile mbili kwenye karatasi, kisha wamtake mtahiniwa azipange kwa ugumu na aonyeshe chaji alizozitumia kufikia uamuzi wake.