Kadi ya kliniki mlangoni mwa chekechea

Januari nilimsindikiza shemeji yangu kumwandikisha mtoto wa kaka katika kituo kimoja cha kulelea watoto hapa Kigoma mjini. Mtoto ana miaka mitatu na ushee. Tulikuwa na cheti cha kuzaliwa, picha mbili za pasipoti na kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye nailoni, mikunjo yake imeshaanza kuchanika. Mwalimu hakuhangaika na cheti. Alifungua kadi, akashuka na kidole kwenye safu ya chanjo: za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10, ya 14, zote zina tarehe. Surua-rubela ya miezi 9, ipo. Surua-rubela ya miezi 18, kisanduku cheupe.

"Mama, hii ya pili mbona haipo? Akachomwe kwanza, mkirudi nampokea."

Shemeji hakubisha. Tulipofika barabarani ndipo alipofungua mdomo: "Shemeji, mimi sikukataa chanjo. Nilienda mara mbili, nikaambiwa watoto hawajatimia."

Maneno hayo, "watoto hawajatimia", hayahitaji tafsiri kwa mama wa Ujiji au Mwandiga. Chanjo ya surua-rubela huja ikiwa unga mkavu, kichupa kimoja dozi 10. Nesi akishauchanganya na maji yake, ana saa sita tu. Zikipita, kilichobaki kinatupwa, hata kama ni dozi tisa. Sasa mweke nesi mwenye watoto wawili kwenye benchi na vichupa vya kuhesabu kwenye jokofu. Akifungua, anatupa nane na kuulizwa mwisho wa mwezi zimekwenda wapi. Asipofungua, anawaambia akina mama warudi Alhamisi. Wataalamu wa chanjo wanasema afungue tu, hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu aliyerudishwa huenda asirudi tena. Ni ushauri mzuri, ila anayeutoa hana jokofu lile mbele yake.

Basi kile kisanduku cheupe kinaonyesha kwamba mtoto hakuchanjwa. Hakionyeshi nani alikosea. Mjadala wote wa kuifanya chanjo kuwa sharti la kuingia shule, kwa maoni yangu, unapaswa kuanzia hapo, na mara nyingi hauanzii hapo.

Waganda wameshalivuka daraja hili. Sheria yao ya chanjo ya mwaka 2017 inamtaka mzazi aonyeshe kadi ndipo mtoto apokelewe kituo cha malezi, chekechea au shule ya msingi, na mzazi anayekaidi kumchanja mtoto anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kwetu mambo yanakwenda kwa mazoea. Vituo vya binafsi vinaiomba kadi, kila kimoja kwa ukali wake. Shule za serikali ninazozijua huuliza zaidi cheti cha kuzaliwa. Ila sheria yetu haiko kimya. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataja haki ambazo mzazi au mlezi anawajibika kumpatia mtoto, na ukizisoma kwa mfuatano utakuta (d) ni matibabu pamoja na chanjo, na (e), mstari unaofuata, ni elimu. Zimelala jirani. Hakuna mahali kifungu hicho kinaposema moja ndiyo ufunguo wa nyingine. Mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya kisanduku cheupe anaitetea (d) kwa kuikanyaga (e).

Hata hivyo, wanaotaka sharti hili wana hoja nzito. Surua haina mchezo. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, na vijidudu vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ili ugonjwa ukose pa kupita, watu 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa na kinga. Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi: dozi ya miezi 9 haishiki kwa kila mtoto. Takribani watoto 15 katika 100 hawapati kinga kwa dozi hiyo, na ya miezi 18 ipo hasa kwa ajili yao. Chukua darasa la watoto 40 ambao wote wamechomwa ya kwanza tu, na kila mama anaamini wa kwake yuko salama. Sita kati yao hawana kinga, na hakuna anayejua ni akina nani. Jioni watoto hao wanarudi nyumbani kwenye kitoto cha miezi mitano ambacho hata ya kwanza hakijafikia umri wake.

Kwa mkoa wetu hofu hii ina anwani. Jirani zetu wa Katavi walizika watoto kwa surua katika Halmashauri ya Mpimbwe miaka michache tu iliyopita. Mwaka 2023 polio ilithibitishwa Rukwa, na Septemba mwaka huo Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa sita ambako wahudumu walipita nyumba kwa nyumba na matone. Burundi tunapakana nayo kwa miguu, Congo kwa boti. Kambi ya Nyarugusu imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1996. Anayesema mtoto wake hahitaji chanjo kwa sababu ugonjwa hauonekani mtaani kwake, labda hajasimama Kibirizi asubuhi boti zinaposhusha abiria.

Polio ile ya Rukwa inafaa kuelezwa wazi, maana ndiyo wapotoshaji wanayoitumia. Ilitokana na kirusi cha chanjo yenyewe. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa. Mtoto hukitoa kwa haja kubwa, na mahali ambapo vyoo ni vibovu na watoto wengi hawajachanjwa, kinaweza kuzunguka kwa muda mrefu hadi kikarudiwa na nguvu. Mtu akisikia nusu ya maelezo haya anasema, mnaona, chanjo ndiyo inayoleta polio. Akisikiliza mpaka mwisho ataona kwamba kirusi hicho kilihitaji watoto wasiochanjwa ili kizunguke. Nasikitika kwamba nusu ya kwanza ndiyo inayosafiri haraka kwenye WhatsApp.

Upande wa pili nao si wa kupuuza, na simaanishi watu wa "chanjo inafunga uzazi". Namaanisha wanaouliza nani hasa atabaki nje ya geti.

Anzia ziwani. Mwamgongo na Kagunga unakwenda kwa boti. Kalya, huko kusini mwa Uvinza, ni safari nyingine kabisa. Huduma ya mkoba, yaani nesi kuwafuata watoto vijijini na kibebeo cha chanjo chenye barafu, inategemea injini, petroli na ziwa lisilochafuka siku hiyo. Familia za wavuvi nazo hazikai mahali pamoja. Mwezi ukiwa giza watu wako dagoni, kwenye kambi za uvuvi, wakifuata dagaa na migebuka, na siku ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi haijui habari za mwezi. Vijiji vya mpakani, kuanzia Manyovu hadi Kakonko, vina watoto waliozaliwa ng'ambo na kuanza chanjo huko, kadi zao zimeandikwa Kifaransa. Mwalimu wa darasa la awali mwenye watoto mia mbele yake ataisoma vipi kadi ya namna hiyo? Atafanya lililo jepesi, atamrudisha.

Tunajua pia mtoto aliyerudishwa huwa anaishia wapi. Kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016 tulikuwa na watoto waliorudishwa kwa sababu ya mchango wa dawati, mchango wa mlinzi, mchango wa kila kitu, na wako waliokwenda moja kwa moja mwaloni kuanika dagaa. Tukiliweka sharti jingine mlangoni, hata liwe jema kiasi gani, tunarudisha njia ile ile.

Kuna na suala la kadi zenyewe. Ukiifanya kadi kuwa tiketi, kuna mtu ataanza kuuza tiketi. Kisanduku kitajazwa kalamu bila sindano, rejista itaonyesha mkoa umechanja vizuri, na siku surua ikiingia tutashangaa imepitia wapi. Afadhali kisanduku cheupe cha kweli.

Juu ya hayo, imani ya watu kwa chanjo imeyumbishwa na wakubwa wenyewe. Januari 2021 Rais wa wakati ule alizitilia shaka chanjo za Uviko hadharani. Julai mwaka huo huo mrithi wake akachanjwa mbele ya kamera na kuwahimiza watu wamfuate. Mzazi aliyeshuhudia yote mawili ndani ya miezi sita ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu, na kumjibu kwa kumfungia mtoto wake geti ni kumthibitishia wasiwasi wake.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba chanjo hazilingani. Pepopunda hauambukizwi na mtoto wa dawati la jirani. Unatoka kwenye kidonda na udongo. BCG humkinga mtoto mdogo dhidi ya kifua kikuu kikali, lakini haizuii sana maambukizi ya watu wazima. Chanjo ya mlango wa kizazi, ambayo mabinti wetu wanapewa tangu 2018, inakinga kirusi ambacho hakipatikani kwa kukaa darasani. Zote ni muhimu kwa mtoto mwenyewe, na ningemchanja wangu zote. Lakini hoja ya "unahatarisha wenzako" inasimama imara kwenye surua, na kwa kiasi kwenye polio na kifaduro. Sharti linalodai safu nzima ya kadi linachanganya ulinzi wa darasa na adabu ya mzazi.

Wajerumani waliligundua hilo. Sheria yao iliyoanza kutumika Machi 2020 inahusu surua peke yake, na inatofautisha milango miwili. Mtoto asiyechanjwa hapokelewi kituo cha malezi, lakini shule haiwezi kumkataa kwa sababu elimu ni lazima, hivyo anayebanwa ni mzazi, kwa faini inayoweza kufika euro 2,500. Italia nayo ilipita njia inayofanana mwaka 2017, kwa chanjo 10. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipopelekewa kesi za wazazi wa Czech, wengine wao watoto wao wakiwa wamekataliwa chekechea, iliona nchi ile haikuvunja haki zao. Faini ya namna hiyo kwa mvuvi wa Kagunga ni kichekesho, lakini wazo la milango miwili nalichukua.

Nalichukua pia kwa sababu ya umri. Surua huua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ukisubiri kukagua kadi darasa la kwanza, umewakagua waliopona. Kama mlango wowote unafaa kuwekewa sharti, ni wa kituo cha malezi. Na hapo tena kuna tatizo: kwa Kigoma, wanaopeleka watoto vituo hivyo ni sisi wa Mwanga, hapa mjini, na wenzetu wenye mishahara, ambao kliniki iko umbali wa bodaboda ya haraka. Sharti litawapata zaidi wale ambao hawakuwa wamepotea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kituo cha malezi kidai surua-rubela zote mbili, lakini kimpokee mtoto na kumpa mzazi muda, tuseme mwezi mmoja, badala ya kumsimamisha getini. Shule ya msingi iiulize kadi kwa kila mtoto anayeandikishwa na isimrudishe hata mmoja. Majina ya wenye visanduku vyeupe yaende zahanati, na zahanati ndiyo iwafuate. Manesi kufika shuleni si jambo geni. Chanjo ya mabinti imetolewa hivyo, na ile kampeni kubwa ya surua-rubela ya mwaka 2014 ilifika hadi watoto wa karibu miaka 15. Aliyepoteza kadi, ikiliwa na panya au ikilowa kwenye boti, achomwe tena. Dozi ya ziada ya surua-rubela haimdhuru.

Shule pia ina kitu ambacho benchi la zahanati halina: watoto wanatimia. Siku ya uandikishaji hukosi kumi kati ya mia wenye kisanduku cheupe, na kichupa kinakwisha ndani ya saa moja.

Tulirudi kliniki Alhamisi. Kile kituo kilikuwa kimewarudisha akina mama wengine wanne kwa sababu ile ile, tukakutana nao pale pale kwenye benchi, na pamoja na waliokuja wenyewe watoto wakawa kumi na mmoja. Nesi akachanganya unga, akachoma kumi, wa kwetu akilia kuliko wote. Wa kumi na moja alikuwa wa mama aliyeshuka na boti ya asubuhi kutoka Mwamgongo, mtoto amelala mgongoni. Nesi akaangalia kichupa kitupu, akamwangalia mama, akauliza unarudi lini.

"Leo jioni, sista."

Akafungua cha pili.