"Mmakonde Mmoja" Si Jina la Mtu
Kila nikitoka Qaumajuq, jumba la sanaa ya Wainuiti, watu wa asili wa kaskazini ya mbali, hapa Winnipeg, Kanada, natoka nimekasirika. Ndani yake kuna ghala la kioo lenye urefu wa ghorofa tatu, limejaa vinyago vya mawe: dubu, sili, mama kambeba mwanawe mgongoni ndani ya kofia ya koti. Ukitaka kujua kazi hizi ni za nani, majina yapo: fulani wa kijiji fulani, kachonga mwaka fulani.

Sasa nenda Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam. Unainua mti wa ujamaa, watu wamepandiana mabegani mpaka kileleni, mbavu za kila mmoja unazihesabu, halafu unamuuliza muuzaji nani kachonga. "Mmakonde mmoja." Basi! Unakipindua, huoni hata herufi, unanusa kiwi ya viatu tu.

Najua mtakayosema. Huyu kapanda ndege juzi, leo keshakuwa mzungu. Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Mtwara, mpingo nimeujua ungali gogo. Naongea kwa uchungu wa mwenye mali.

Wala siwasafishi Wakanada. Kuanzia 1941 serikali yao iliwagawia Wainuiti namba, zikiwa kwenye visahani vya kuvaa shingoni: E kwa watu wa mashariki, W kwa wa magharibi, kisha tarakimu. Wapo wachongaji waliotia namba hizo kwenye kazi zao kama sahihi, na hadi leo ukigeuza jiwe la zamani unaweza kuikuta. Ilibidi kuanzia 1968 Abraham Okpik, Muinuiti mwenyewe, azunguke vijijini kuziuliza familia zinataka kuandikwa kwa jina gani la ukoo. Sijagusa shule za bweni, walikopelekwa watoto wapatao 150,000 wa watu wa asili ili waachishwe lugha zao. Ushahidi wao umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Manitoba, mji huu huu ninaoishi. Na kule Neskantaga, kijiji cha watu wa asili huko Ontario, tangu 1995 watu wanaambiwa wachemshe maji ya kunywa, katika nchi yenye maziwa yasiyohesabika. Aibu hiyo ni yao.

Lakini tazameni walichofanya wenyewe waliodhulumiwa. Namba ile ile ya dhuluma leo inamsaidia mjukuu kumpata babu yake aliyechonga. Kenojuak Ashevak, msanii wa Kiinuiti wa kijiji cha Kinngait, alichora bundi 1960, na 1970 bundi huyo akatokea kwenye stempu ya nchi. Sisi je, nani alitulazimisha kumfanya mchongaji wetu asiwe na jina?

Kuna msomi atanijibu kwamba sanaa ya Mwafrika ni ya jamii, jina ni ubinafsi wa kizungu. Si kweli. Mshairi wa pwani hujitaja kwenye beti za mwisho tangu enzi, na Muyaka wa Mombasa tunamjua kwa jina ingawa alikufa karne ya 19. Vinyago vya shetani navyo havikuota porini, vilianza na mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950. George Lilanga, msanii wetu aliyefariki 2005, alitia sahihi kazi zake, na nani alisema kaikana jamii?

Mwingine ataniambia mchongaji anataka hela ya unga, hana haja na historia. Hela hiyo hiyo ndiyo ninayoisemea! Kazi za Wainuiti zina lebo ya kuthibitisha uhalali wake tangu 1958, ili za kuiga zisiwaharibie soko wachongaji wa kweli. Cha "Mmakonde mmoja" dalali anakinunua kwa bei anayotaka yeye.

Wazee waliovuka Ruvuma na patasi zao wanazidi kupungua. Mwenye babu au mjomba aliyechonga akae naye wiki hii, aandike: jina lake kamili, kijiji alichotoka, nani alimfundisha, akina nani walichonga naye kivuli kimoja, na kazi zipi anazikumbuka kwa mkono wake.