Ujaji wa riwaya, nani alinituma jamani

Hivi nani alinituma nikubali ujaji? Huku kwetu Kibosho, Kilimanjaro, wameanzisha tuzo ya riwaya ya kwanza, yaani uwe hujawahi kutoa kitabu kabisa, na majaji sio maprofesa, ni sisi sisi, mimi wa duka, mama muuza mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, mzee mmoja mstaafu wa ushirika na dogo wa bodaboda. Aliyeleta wazo anasema Ufaransa, mji wa Chambéry, tangu 1987 wasomaji wa kawaida wanasoma riwaya za wanaoanza na wao ndio wanachagua. Sawa, ila huku kopi ni moja inazunguka vihamba vyote, yaani mashamba ya nyumbani, mpaka inifikie ukurasa wa 40 na 41 zimegandana kwa uji, kwa hiyo kuna mtu kafa humo katikati na mimi sijui kafaje.

Kikao cha kwanza nimejiandaa kuongelea wahusika, sijui mtindo, mzee kafunga kitabu sura ya pili. "Huyu anachuma kahawa Aprili. Aprili! Na masika yote ile? Siendelei naye." Nikamwambia mzee wangu hii ni ya kubuni, akasema abuni watu, kahawa aiache. Mama naye kaja juu, eti mhusika kapika mbege asubuhi na jioni watu wanakunywa, "ndizi hazijachacha, ulezi haujaota, hao wamekunywa nini, maji ya ndizi?" Nikatafuta la kumjibu sikuliona.

Dogo wa boda katoa kumi kwa kumi. Hajafungua. Kaona picha ya mwandishi kule nyuma.

Hela sasa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile ya taifa ya uandishi bunifu, mshindi wa kwanza anaondoka na milioni 10, ya kwetu ni mbuzi, na mbuzi mwenyewe kafungwa kwangu anamaliza migomba ya mama watoto. Vitabu wameshaacha, wanabishania akichinjwa kidari cha nani, mzee anasema chake kwa umri, mama anasema mbuzi ni wa mwandishi, akitaka apande naye Kosta mzima mzima mpaka Arusha. Na Desemba ndio hii, wa Dar wanapanda kula Krismasi na wao wanataka kupiga kura, kusoma hawataki, wananiambia "kaka nirushie voisi unisimulie kwa kifupi". Kurasa 312! Kwa bando la nani?