Vitonge vya Tende Badala ya Keki ya Kuiga

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa wanaompikia mtu mwenye mzio wa chakula ni kung'ang'ania keki. Huyaondoa mayai, kisha hutafuta kitu cha kuyaiga. Huuondoa unga wa ngano, kisha huchanganya unga wa aina tatu ili keki iumuke. Na mwishowe hutoa kwenye oveni kipande kizito ambacho mlengwa hukila kwa adabu tu. Lakini mayai na ngano viliingia kwenye keki hasa kwa sababu ya oveni: mayai hushikamanisha mchanganyiko yanapoganda kwa moto, na gluteni ya ngano, yaani protini yake inayonata, huizuia hewa isitoroke wakati wa kuumuka. Ukiachana na oveni, kazi hizo zinakoma, na huna tena haja ya kuiga chochote.

Kwa hiyo badala ya keki natengeneza vitonge visivyookwa. Mimi hutumia gramu 200 za tende zisizo na kokwa, nikaziloweka kwenye maji ya moto kwa dakika 10 na kuzichuja vizuri, kwa kuwa maji yakibaki mchanganyiko hunata mikononi na haushikani. Nazisaga pamoja na gramu 100 za mbegu za alizeti, gramu 80 za oti, vijiko viwili vya unga wa kakao na chumvi kidogo, kisha naviringisha vitonge na kuviweka kwenye friji kwa nusu saa. Tende ndiyo gundi na ndiyo sukari. Wapo wanaopendelea kugandisha kwa mafuta ya nazi, ila mafuta hayo huyeyuka joto linapofika takriban nyuzi 24 za Selsiasi, kwa hiyo kitonge chao hakifai kuwekwa kwenye mkoba wa mtoto wa shule.

Hata hivyo, siungi mkono dhana kwamba kitafunwa kisichookwa ni salama kwa kuwa tu hakikuokwa, maana mara nyingine mambo huwa kinyume kabisa. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huweza kula vyakula hivyo vikiwa vimeokwa ndani ya keki, kwa sababu joto la muda mrefu hubadili umbo la protini zake, lakini mtoto huyo huyo anaweza kudhurika na kijiko kimoja cha maziwa ya unga kilichotiwa kwenye vitonge. (Kuhusu karanga, wala moto hausaidii: kuzikaanga hakuziondolei nguvu ya kuleta mzio.) Unga mbichi wa ngano nao usitumike hata kwa asiye na mzio, kwani unaweza kuwa na bakteria.

Neno "mbegu" nalo lisitulaze usingizi. Ufuta ni mbegu, na mzio wake ni mkali kiasi kwamba nchini Marekani sheria inataka utajwe kwenye lebo za vyakula tangu Januari 1, 2023. Oti kwa asili hazina gluteni, lakini mara nyingi hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo natafuta pakiti iliyoandikwa waziwazi kwamba haina gluteni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vyombo. Niliwahi kuandaa vitonge visivyo na karanga, nikagundua baadaye kwamba kisu nilichochotea siagi ya alizeti kilikuwa kimetoka kwenye kopo la siagi ya karanga. Nikatupa vyote, na kopo la alizeti pia. Tangu siku hiyo vitonge vya mwenye mzio hutengenezwa kwanza, kabla ya chakula kingine chochote, na mikono huoshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu kitakasa mikono huua vijidudu lakini hakiondoi protini ya karanga. Kopo jipya la alizeti lina kijiko chake, na mfuniko wake una alama nyekundu ambayo kila mtu nyumbani anaijua.