Kaske Yangu na Mbuzi wa Tatu

Kuna mbuzi mmoja ambaye mpaka leo wazee wa lupango letu, yaani ua wa nyumba tunamokaa, hapa Katuba, Lubumbashi, wanamwita "mbuzi wa plei". Mbuzi huyo nilimnunua mimi. Sikuwa naoa, sikuwa naoza, na siku alipotajwa kwa mara ya kwanza sikusikia hata neno moja, maana nilikuwa nimevaa kaske, zile spika za kuvaa masikioni.

Nianze na usiku wa Kidiaba.

Nina PS4, yaani plei, mashine ya kuchezea michezo kwenye runinga, ile nyembamba, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia Kolwezi. Mchana ni ya watoto, usiku ni yangu. Mazembe, timu yetu ya mpira hapa Lubumbashi, haimo kwenye mchezo nilio nao, basi nimejitengenezea timu yangu, jezi nyeusi na nyeupe, na golikipa nimempa nywele ndefu kwa heshima. Usiku mmoja, saa saba, dakika ya 90, nikafunga. Sasa, mtu wa Lubumbashi akifunga dakika ya 90 anajulikana anashangilia vipi. Nikakaa chini nikaanza kuruka kwa matako, kama golikipa wetu Robert Kidiaba mwaka 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipowatoa Wabrazili wa Internacional 2-0 ikaenda kucheza fainali ya dunia na Inter Milan. (Fainali tulipigwa 3-0. Tuendelee.)

Kidiaba alirukia nyasi. Mimi nilirukia simenti, na kati ya sebule yangu na chumba cha mwenye lupango kuna tofali moja tu. Mtoto akaamka. Mwenye lupango akaamka. Mama watoto akatoka na kitenge kifuani, akachomoa waya wa runinga ukutani, akaniambia maneno mawili: "Nunua kaske."

Nikashuka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, siku ya pili. Kaske nilizichagua kama watu wanavyochagua viatu vya harusi, kwa macho. Ile iliyonishinda ilikuwa na mito ya masikio minene kama maandazi, taa zinazogeuka nyekundu, kijani na zambarau, na kwenye boksi wameandika 7.1, eti sauti ya spika nane, kwa herufi za dhahabu. Muuzaji, kijana mwenye sauti ya mhubiri, akanivalisha mwenyewe.

"Patron, hii njo mwisho. Ukivaa hii, hata mvua ikinyesha juu ya mabati hausikie."

Kweli, sikumsikia. Ilibidi aivue ili anitajie bei. Dola 25, tukaachana kwenye 20. Sikuuliza swali moja lililokuwa la maana, yaani kaske hii inaungana vipi na mashine yangu. Niliona alama ya Bluetooth nikatosheka. Nilijiambia kwamba maneti yenyewe ya PS4, ile rimoti ya kuchezea, inaongea na mashine kwa Bluetooth, basi itashindwaje kaske?

Ilishindwa. Mashine ikaiona kaske, ikaitaja jina, halafu ikaniandikia kwa Kifaransa cha adabu kabisa kwamba vifaa vya sauti vya Bluetooth haivipokei. PS4 ilitoka mwaka 2013 na tabia hiyo, na mdogo wake PS5 amerithi. Nilirudi sokoni. Muuzaji akanionyesha kibao nyuma yake: kilichouzwa hakirudi. Lakini akanihurumia, akaniuzia kaske ya pili, ya waya, franka elfu kumi, haina taa hata moja.

Hii ya waya unaichomeka kwenye tundu lililo chini ya maneti. Nikachomeka. Kimya. Nikahangaika nusu saa kabla ya kugundua kwamba kwenye mipangilio kuna mahali unachagua kaske ipate sauti ya maongezi peke yake au sauti zote. Yangu ilikuwa inasubiri nipige soga na marafiki ambao sina. Nikabadilisha. Sauti ikaja, lakini sauti ya ajabu. Mashabiki niliwasikia, ngoma nilizisikia, mpira nausikia kwa mbali kama unapigwa ndani ya pipa. Mtangazaji hayupo. Kafutika. Ukweli ni kwamba siku mbili za kwanza nilifurahi, maana yule bwana anaongea sana. Ilipofika mahali hata filimbi ya refa inakuja kama mbu aliyenaswa ndani ya chupa, nikaenda kwa fundi.

Fundi wetu ana meza chini ya mwembe, na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Akashika ile pini ya kaske, akaileta karibu na pua yangu.

"Hesabu mistari nyeusi."

Mitatu.

"Kwa hiyo vipande ni vinne. Hiki sikio la kushoto, hiki la kulia. Vinavyobaki viwili ni maiki na njia ya kurudishia umeme. Sasa watengenezaji hawakupatana. Wa zamani waliweka maiki mbele, wa leo wanaiweka nyuma. Kaske yako ni ya zamani, maneti yako ni ya leo. Njia ya kurudi imekosekana, basi masikio yako mawili yanapingana: kila sauti iliyo sawa kushoto na kulia inafutana. Mtangazaji yeye anakaa katikati. Kaenda."

Nikamuuliza na ile 7.1 nayo ina nini. Akacheka mpaka miwani ikateleza. Ndani ya ile ya maandazi, kasema, kuna spika mbili tu, moja kila sikio, kama kwenye ekuteri, vile visikilizio vya bure vya simu. Hizo nyingine ni hesabu za kompyuta, na PS4 wala haizijui.

Kisha akafanya kitu ambacho nilipaswa kukiheshimu zaidi. Kwenye waya wa kaske kuna kile kitufe cha kupokelea simu. Akakibonyeza. Mtangazaji akarudi! Akaachia, mtangazaji akaondoka. Kitufe kile, kikibonyezwa, kinaigusanisha maiki na ile njia ya kurudi, na mambo yanakaa sawa. "Mama yuko na vibanio vya nguo?" akaniuliza.

Hapo ningekuwa na akili, ningechukua kibanio kimoja kwenye kamba nikaenda kulala. Lakini mtu aliyetoa dola 20 kwa kaske ya taa hawezi kucheza na kibanio cha nguo. Nikamwambia nataka ile kubwa ifanye kazi. Fundi akavuta droo, akatoa kidude cha ukubwa wa kiberiti. Unakichomeka kwenye tundu la sauti la runinga, si kwenye PS4, na chenyewe kinarusha sauti kwa Bluetooth mpaka kwenye kaske.

"Taa ikipepesa, inatafuta," akasema. "Ikitulia, imepata."

Hakusema imepata nani.

Jumamosi ile mwenye lupango alikuwa anapokea wageni, wamekuja kuposa binti yake mkubwa. Viti vya plastiki vimepangwa uani, upande huu wenyeji, upande ule wageni, na katikati, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, spika kubwa ya kukodi ya Bluetooth, ya muziki. Mama watoto alikuwa nyuma na wanawake wenzake wanasonga bukari, yaani ugali. Mimi nilishatoa salamu zangu, nikaona hakuna atakayenihitaji kabla ya chakula. Nikafunga mlango na pazia.

Nikachomeka kidude. Runinga ikanyamaza, vizuri. Nikavaa kaske, taa zikawaka kama sherehe za Mwaka Mpya. Kidude kikapepesa, kikapepesa, kikatulia.

Imepata.

Sikusikia kitu. Nikaongeza sauti ya runinga mpaka 40. Kimya. 70. Kimya kabisa, na ile mito ya maandazi imeziba hata sauti ya watu uani. Nikafika 100. Taa ya kidude imetulia, kwa hiyo imepata, kwa hiyo kosa si la kuungana. Nikaamua kwamba kitu kipya huenda kinahitaji kuzoea. Wacha nicheze mechi moja kikiwa kinazoea. Kaske sikuivua, sauti isije ikafika nikaikosa.

Haya yanayofuata nayasimulia kama nilivyoambiwa na mama watoto, ambaye mpaka leo hawezi kuyamaliza bila kukaa chini.

Kijana wa muziki alikuwa ametoka barabarani na simu yake kununua mkopo wa maongezi. Simu ilipofika mbali, spika ikaachwa bila mtu, ikakaa inasubiri wa kuungana naye. Na uani ndiyo kwanza mazungumzo yameanza. Fakitire ya familia, yaani orodha ya mahari, ilikuwa dola 1,200, mbuzi watatu, suti ya baba, bitenge vya mama, jembe na chumvi. Msemaji wa wageni, mzee mwenye koti la kijivu na maneno ya asali, akasimama kuishusha.

"Wazee wetu, mtoto hauzwi. Sisi tumekuja kutafuta undugu. Mkononi tumebeba dola 800 na mbuzi mmoja."

Spika ikajibu. Uwanja mzima ukapiga filimbi, ile miluzi ya uwanja uliokasirika, maana ndani huku nilikuwa ugenini na nimeshika mpira.

Mama watoto anasema hakuna aliyecheka, mwanzoni. Mzee akaitazama spika. Spika ikaendelea kumzomea. Akakohoa, akasema labda walihesabu vibaya ndani ya gari, waseme 900, na mbuzi wawili.

"Hors-jeu!" mtangazaji akasema, yaani mtu kaotea, kwa Kifaransa kilichonyooka kama rula.

Shangazi wa binti akapiga kigelegele. Vijana wa upande wetu wakaangukiana mabegani. Wageni wakainamishana vichwa, wakanong'onezana. Mmoja akauliza kama hii ni desturi ya Katuba. Mwenye lupango, ambaye kwa kweli naye hakuelewa kitu, alikunja uso kama mtu aliyepanga yote. Msemaji akajifuta jasho, akanyanyuka mara ya tatu.

"Dola 1,000. Na mbuzi... mbuzi watatu."

Goli! Uwanja ulilipuka, ngoma, honi, mtangazaji anavuta ile "buuuuut" mpaka pumzi inamwishia. Wanawake wakaacha bukari jikoni wakaja wanacheza. Ukoo mzima umesimama, watu wanakumbatiana, nani tena angeweza kusema tulikuwa tunatania? Mzee wa upande wetu akainua mkono akatangaza kwamba hata spika imekubali.

Kwa taarifa yenu, lile goli nilijifunga mwenyewe. Beki wangu, kwa kichwa.

Ila mdogo wake bwana harusi anatengeneza simu mjini, na yeye hakucheza. Alikuwa anaiangalia ile spika. Akaiendea, akaizima.

Ndani, kidude kikapoteza rafiki. Taa ikapepesa. Kikaangaza huku na huku, kikakutana na kaske yenye taa za rangi tatu iliyokuwa inakisubiri tangu asubuhi. Taa ikatulia.

Imepata. Kwenye 100.

Sijui niwaelezeeje. Watu elfu hamsini waliingia kichwani mwangu kwa pamoja, na honi zao. Nilipiga yowe ambalo mama watoto anasema lilisikika mpaka kwa muuza makala, yaani mkaa, nikaanguka na kigoda, maneti ikaruka. Walipofungua mlango, koo mbili zote, wageni na wenyeji, walinikuta sakafuni nimeshika kichwa kinachomulika zambarau, na kwenye runinga wachezaji wa jezi nyekundu wanashangilia.

Mwenye koti la kijivu akaitazama runinga kwa muda mrefu.

"Njo huyu alikuwa anatuzomea?"

Kikao kilianza upya, safari hii mimi nikiwa ajenda. Dola 1,000 wageni hawakuzikataa, neno lilishatoka. Mbuzi wa tatu walisema hawamjui, kaja na spika. Mwenye lupango akasema fakitire ni fakitire. Baada ya saa nzima na kreti moja ya bia, pande mbili zikapatana vizuri sana, kwa sababu walikuwa wamepata mtu wa tatu wa kulipa.

Ile kaske kubwa niliijaribu tena usiku ule, sauti kwenye 15. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba sauti inakawia, kitu kama moja ya tano ya sekunde: mpira uko wavuni, ndipo mguu unasikika ukiupiga. Penalti nilizikosa zote. Nikampa mtoto, anaivaa bila kuiunganisha na kitu, kwa ajili ya taa. Mimi nikachukua kibanio kwenye kamba ya nguo, nikabana kile kitufe cha kaske ya waya, na nawaambia, niliupata usiku mmoja wa raha ambao sijaupata tangu ninunue mashine ile. Refa namsikia. Mtangazaji yupo, anaongea sana, namsamehe.

Mbuzi nilimnunua Jumanne. Wageni walikuwa wanakuja kukabidhi Alhamisi, kwa hiyo nilimfunga mlangoni kwangu, karibu na dirisha la sebule, na maneti nilikuwa nimeiacha dirishani, kaske ikiwa imechomekwa. Asubuhi nikakuta pini iko kwenye maneti, na mito miwili ya masikio iko chini, imelowa mate. Waya wote kati yake haupo.

Kibanio alikiacha.