Kiini cha ribosomu kinaonyesha protini hazikutangulia
Mwandishi ninayemjibu hapa anasema uhai lazima ulianza na protini, kwa kuwa eti ndani ya seli hakuna kazi ya kikemia inayokwenda bila vimeng'enya, yaani vichocheo vya kikemia, na vimeng'enya vyote ni protini. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Protini zenyewe huundwa na ribosomu, vimashine vidogo vya seli vilivyojengwa kwa protini na RNA (molekuli ndefu, ndugu wa DNA), na mwaka 2000 Thomas Steitz na Peter Moore wa Chuo Kikuu cha Yale walipoonyesha umbo la kipande kikubwa cha ribosomu ya kijiumbe cha Bahari ya Chumvi, pale hasa asidi amino, yaani vipande vya kujengea protini, zinapounganishwa hapakuwa na protini. Ya karibu zaidi ilikuwa umbali wa angstromu 18 hivi (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Kazi inafanywa na RNA! Mwanabiokemia Harry Noller alikwishaliashiria hilo mwaka 1992: aliondoa sehemu kubwa ya protini za ribosomu, na uunganishaji bado ukaendelea. Protini nyingi za ribosomu zimekaa pembezoni, kama udongo uliokandikwa juu ya fito za nyumba, na fito ndizo hutangulia. Tena kiini hicho karibu ni kilekile kwa bakteria, mgomba na binadamu, maana yake tulikirithi kwa babu mmoja wa kale sana. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Ninalotaka kulisikia kwa wenzangu mliosoma biokemia ni hili: kabla ya protini kuwepo, RNA hiyo ya kwanza ilinakiliwa na nini?