Si kweli kwamba nilikula jani zima

Kwanza tuwekane sawa. Lilikuwa nusu jani. Na sikuizunguka nyumba mara tatu kama rafiki yangu wa Area C anavyowasimulia huko kwenye magrupu. Nilizunguka mara moja, tena kwa sababu bomba la mbele lilikuwa limekatika maji nikawa natafuta ndoo. Wa Dodoma mnanielewa. Video aliyonirekodi natafuna jani la bustanini kwangu nimeiona, sekunde 42. Aliyeiwekea singeli, Mungu anamwona.

Tulipohamia hii nyumba ya Ilazo, mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameacha mimea mitatu nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea. Kwa ukame wa hapa, ukikuta kitu kibichi mwezi wa tisa unakiheshimu. Lakini hakuna kibao, hakuna jina. Mwenye akili angemuuliza bibi wa jirani. Mimi nikapakua programu ya kutambua mimea, nikapiga picha magharibi giza linaingia, ikanijibu: hosta, asilimia 61. Enzi zetu 61 ilikuwa B. Nikaishia hapo.

Kwa wasioijua, hosta asili yake ni Japani, Korea na China. Inapendwa kwa majani kuliko maua, na inapenda kivuli. Jina imepewa la Mwaustria mmoja mtaalamu wa mimea, Nicolaus Thomas Host, tangu mwaka 1812. Aina zake ni maelfu, na kibao kikishapotea wazungu wazima wanabishana wiki nzima: jani lina upana gani, mishipa mingapi, ukingo mweupe au wa njano, ua lilitoka lini. Nilikesha nawasoma. Asubuhi nikachukua rula ya mtoto nikaenda nyuma ya bafu kupima.

La kwanza, jani pana kama sinia, kijani cha kupauka: nikasema hii ni 'Sum and Substance', moja ya hosta kubwa kuliko zote. La pili lilikuwa na unga wa kijivu juu ya majani. Sasa, hosta za buluu zina nta fulani inayofutika ukiigusa. Nikapitisha kidole. Ikafutika! Nusura nilie. 'Halcyon', hakuna ubishi. La tatu lina ukingo mweupe: 'Patriot'. Nikachonga vibao vitatu, nikaandika kwa rangi nyeupe. Mke wangu akapita, akasoma, akasema "Haya." Mliooa mnaijua ile haya.

Jambo moja tu lilinikwaza. Hosta lazima ipate baridi kali ilale, majani yafe, ndipo ichipue upya. Nikakumbuka upepo wa usiku wa Julai hapa Dodoma, watu wa Dar wanavyovaa makoti ya mitumba mpaka magotini, nikasema inatosha.

Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Matombo. Akapandia treni ya umeme Morogoro, akafika na kanga yake safi na kapu la ndizi. Jumapili baada ya chakula nikatangaza kwamba kuna ziara ya bustani. Wakafuata: mama mkwe, mke wangu, jirani mmoja mstaafu, na huyu msaliti wa Area C na simu yake.

Nikaanza na Austria. Nikapita Japani. Mstaafu anaitikia kwa kichwa, mama mkwe amefumbata mikono, ananitazama kwa upole kama mtoto anayesoma risala. Ningenyamaza pale, leo ningekuwa mtu. Lakini nilikuwa nimesoma kwamba Wajapani hula machipukizi ya hosta, na ni kweli wanakula. (Wanayapika. Hiyo sehemu niliiruka.) Nikasema, "Mama, hili ua huko kwao ni mboga kabisa." Nikachagua jani changa, lile lililojiviringa kama sigara, nikalikata, nikatia mdomoni.

Sekunde ya kwanza: mchicha. Nikatabasamu.

Ya pili: mchicha. Nikatafuna kwa mbwembwe, nageuka kwenye kamera.

Hapo ndipo mama mkwe akainama kukisoma kibao, akauliza taratibu, kwa heshima zote, "Baba, mbona hili gimbi mmelipa jina la Kizungu?"

Gimbi.

Nilisikia neno, na ulimi nao ukasikia. Ilianza ncha, kama mtu ananidonoa na sindano ya cherehani, moja, mbili, kisha cherehani yote ikawashwa. Ikahamia mashavuni. Ikapanda kaakaa. Sasa tuulizane kama waungwana: mdomo umejaa majani, mbele yako kasimama mama mzazi wa mkeo. Unatema? Mimi nilishindwa kutema mbele ya mkwe. Nikameza. Nikaisikia ikishuka, kituo kwa kituo.

Mama hana habari. Amelishika jani kubwa, analigeuza kumwonyesha mstaafu: "Unaona kikonyo? Kimeshika huku mgongoni, ndani ya jani, kama mpini wa mwavuli. Gimbi hili." Akachovya vidole kwenye maji ya bafu, akanyunyizia. Matone yakateleza juu ya jani kama shanga. Na mimi wakati huo mate yananitoka upande wa kushoto, machozi upande wa kulia, midomo imeshaanza kuumuka kama maandazi, bado namjibu kwa adabu: "Thi gimbi, mama. Ni hotha."

Ndiyo. Hiyo "hotha" ndiyo mnayoisikia kwenye singeli. Inarudiwa mara nne.

Baada ya hapo ni ndoo, maziwa ya mgando, bajaji, zahanati, sindano. Daktari akaniambia gimbi bichi lina vijichembe vyenye ncha kama sindano, vinachoma mdomo na koo, na kwamba koo ikivimba zaidi ya pale si jambo la kuchekea. Kisha akatoka nje kucheka. Nilimsikia.

Niliporudi dada wa kazi alikuwa ananisubiri mlangoni, ana la kusema tangu wiki iliyopita. Ule unga wa 'Halcyon' ni majivu. Aliyamwaga yeye, kulikuwa na wadudu. Mama mkwe akachimbua kidogo kwa kijiti, akakikata kile kitunguu cha chini: njano tupu mpaka vidole. Manjano. Ya kutia kwenye pilau.

Jumatatu asubuhi 'Sum and Substance' ililiwa na chai, imechemshwa saa nzima, na mama akanichagulia kipande laini kwa sababu "baba bado anaumwa mdomo." Nilikula nikiangalia sakafu.

Bado 'Patriot'. Mama ameigeuza, ameinusa, ameipiga kucha, amesema hii haijui. Bibi wa jirani naye haijui. Nimeweka picha hapo chini, tatu, za mchana kweupe. Mwenye kuijua aandike jina. Na wewe wa Area C unayeniuliza kama nimeshaionja, tutaonana.